Usisaini Siku Hiyo Hiyo: adabu ya Kitanga ilivyonitia matatani Uingereza

Mpwa wangu anaondoka mwezi wa tisa kwenda kusoma Uingereza. Juzi baada ya isha wazee walimkalisha barazani, Ngamiani barabara ya 12, wakampa wasia. Mimi nimekuja likizo ya wiki tatu, nikakaa pembeni na kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata, nikasikiliza. Wasia wa kwanza: usiache swala. Wa pili: salimia watu, usijione. Wa tatu aliutoa mjomba wangu mwenyewe, kwa sauti ya kukata shauri: "Ukiambiwa umekosa, omba radhi papo hapo. Usibishane na watu katika nchi yao." Baraza zima likaitikia. Mimi kahawa ikanipalia.

Wasia huo wa tatu ndio ulionipatia onyo la mwisho la maandishi kazini, na kidogo tu unirudishe Tanga na begi moja. Sikumkatiza mjomba mbele za watu, siwezi. Ndiyo maana nayaandika hapa niliyoyameza barazani, kwa mpwa wangu na kwa kila mwanamume anayetoka pwani akiamini kwamba malezi aliyopewa kwao yatamtosha popote atakapotua. Malezi yetu ni mazuri. Shida ni kwamba huko yanasomwa na watu wasiojua herufi zake.

Yale mepesi niyamalize kwanza. Viza, kipimo cha kifua kikuu, vyeti: mnajua. Koti la baridi nunua huko huko. Mwanafunzi wa shahada mwisho wake saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, usizidishe hata moja. Foleni ni foleni hata ikiwa ya watu wawili. Ukipita mlangoni, ushikilie kwa anayekuja nyuma. Kwenye basi usisikilize sauti za WhatsApp kwa spika, na ukishuka mshukuru dereva. Ukialikwa saa moja usiku, hiyo ni saa ya kufika, si ya kuanza kutafuta kandambili za kwenda kuoga. Nyumbani kwa mtu huendi ukapiga hodi. Hodi yao hupigwa siku nne kabla, kwa ujumbe wa simu. Mtoto wa watu usimfinye shavu wala usimpe pipi. Ng'onda na papa usipashe kwenye maikrowevu ya kazini. Nilipasha siku moja, na kabla sijamaliza kula barua pepe ilikuwa imeshafika kwa kila mtu jengoni.

Hayo ukiyakosea utanuniwa, basi. Hakuna atakayekuita ofisini. Mimi nataka kukaa kwenye lile la kuitwa ofisini.

Kanga ya shangazi

Nilikuwa Leicester, kwenye nyumba moja ya kulelea wazee. Kazi yenyewe niliipenda. Mtu aliyekua akimshika babu yake mkono kwenda msikitini haoni tabu kumvisha soksi mzee wa watu, na wale wazee walinipenda pia. Nilichokosea kwao ni kidogo: niliwaita wote mama na baba, mpaka nikaambiwa niulize kila mmoja anapenda aitweje, maana yupo bibi wa miaka 90 ambaye hakupenda kuitwa mama na mtu yeyote. Nikarekebisha, yakaisha siku hiyo hiyo.

Msimamizi wetu wa zamu alikuwa dada wa Kiingereza, mdogo kwangu kwa umri. Baba yangu alipofariki nilimpigia simu saa sita usiku, na yeye akakaa akapanga zamu zote upya ili nipande ndege ya asubuhi. Maziko sikuyawahi, lakini hitima niliiwahi. Jambo kama hilo kwetu halisahauliki, ni deni.

Basi nikaanza kulilipa deni kwa sarafu za Tanga.

Niliporudi nilimpa mkono wa kulia, nikaufunika kwa wa kushoto, nikaushikilia muda wote nilipokuwa nikimshukuru na kumweleza msiba ulivyokwenda. Mwezi uliofuata alitoka likizo, nikampokea mbele ya wenzake: "Loh, umenenepa! Likizo imekupenda." Kila anayesoma hapa anajua nilikuwa namsifu. Halafu shangazi yangu, aliposikia habari za yule dada aliyenisaidia nikawahi hitima, akamtumia zawadi kupitia mtu aliyekuwa anasafiri. Doti moja ya kanga, nyekundu na nyeupe, korosho kwenye pindo, imefungwa kwa gazeti.

Jina la kanga: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Shangazi yangu anaichagua kanga kwa rangi kwanza, jina baadaye. Hilo jina mwenyewe alilielewa kama wanavyolielewa wanawake wengi wa mtaani kwetu: maisha magumu, lakini siachi kutumaini. Mimi nami nililipitia macho nikaona ni jina la siku zote, umelikuta kwa mama ntilie, umelikuta kwa mke wa imamu. Nikampa yule dada kwenye chumba cha mapumziko. Akafunua, akatabasamu, akasema ni ukarimu mkubwa mno. Akaweka kidole kwenye maandishi, akauliza yanasema nini. Pale pale nikaona aibu kulitafsiri neno tamaa kwa mwanamke asiye wangu. Nikacheka, nikamwambia ni maneno ya kina mama tu.

Jioni akaielekeza simu yake kwenye kanga ili imtafsirie. Simu haijawahi kufika Ngamiani. Ilimwambia kitu kama: hata nisipopata, hamu yangu haikatiki.

Sasa jiweke wewe kwenye nafasi yake. Mwanamume mtu mzima alikushika mkono asiuachie. Baadaye akauzungumzia mwili wako mbele ya watu. Baadaye tena kakuletea nguo yenye maneno hayo, na ulipomuuliza maana yake akacheka akakwepa. Nilipokuja kuyasoma yamepangwa hivyo kwenye karatasi, moja baada ya jingine na tarehe zake, hata mimi nilimwogopa mtu huyo.

Kwenye bughudha za kijinsia, sheria ya usawa ya mwaka 2010 ya kule inaangalia vitu viwili, nia au matokeo. Kimoja kinatosha. Wataangalia pia kama ni haki mtu kujisikia hivyo katika mazingira yale, lakini kusema "sikukusudia" peke yake hakufungi jalada. Na tangu tarehe 26 Oktoba 2024 mwajiri ana wajibu wa kisheria wa kuchukua hatua za kuzuia bughudha za aina hiyo kabla hazijatokea. Kwa hiyo usidhani mwajiri atalipuuza dogo lako. Yeye mwenyewe anajilinda.

Tena tuambiane ukweli, maana kuna wanaume watasoma hapa na kusema wazungu wana mambo. Je, hapa Tanga mke wa jirani ungemshika mkono namna ile? Ungemwambia binti wa watu mbele ya kadamnasi kwamba mwili umejaa? Usingethubutu, kaka zake wangekuja. Kwetu mipaka ipo, tena mikali. Imewekwa na buibui, na ukumbi wa wanawake mbali na wa wanaume, na macho ya majirani. Tukifika kule hatuoni buibui, hatuoni ukuta, tunahitimisha kwamba mipaka hakuna. Ipo. Haionekani tu, na kila mmoja kaibeba mwenyewe, kama urefu wa mkono wake ulionyooshwa. Yule dada sikumfanyia alivyozoea yeye, na wala sikumfanyia ninavyomfanyia mwanamke wa nyumbani. Nilibuni adabu ya tatu isiyo ya kwao wala ya kwetu, nikaiita ya Kitanga.

Kwa hiyo kosa lilikuwepo. Silikatai. Lakini kosa lile lilistahili kuambiwa, kufundishwa, na kuandikiwa kidogo. Lililolikuza mpaka likafika onyo la mwisho ni nusu saa niliyokaa kwenye chumba kidogo.

Chumba kidogo

Barua pepe ilikuja Jumanne. Ilikuwa laini kama pamba: tungependa mazungumzo mafupi nawe, kujua tu mambo yalivyokwenda. Mtu wa pwani akisoma hivyo anaona ameitwa kunywa chai. Nilikwenda na nguo za kazi, peke yangu, bila kumwambia mtu.

Walikuwa wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika. Katikati ya meza kulikuwa na boksi la tishu, jipya, limetolewa ile karatasi ya kwanza ikasimama juu. Nikajiuliza, nani kafiwa?

Wakauliza kama nilimshika mkono. Nikasema ndiyo, samahani sana. Kama nilisema amenenepa. Ndiyo, nimekosa, naomba radhi. Kama nilimpa nguo yenye maandishi. Ndiyo, nisameheni, ni kosa langu. Kila swali nililifunika kwa radhi kabla halijapoa, na macho nimeyateremsha chini kama mtu yuko mbele ya wakwe. Unajua nilichokuwa nasubiri? Nilikuwa nasubiri mmoja wao aseme "yamekwisha". Kwetu radhi ni nusu ya mazungumzo, nusu nyingine ni ya mwenzio. Wewe unateremka, yeye anakuinua, mnakunywa maji. Pale nilikuwa nateremka peke yangu na hakuna aliyeniinua. Nilisikia kalamu tu.

Mwisho wakanipa kurasa nne. Wakaniambia nisome, nikubali kama ni sahihi. Siwasingizii, walisema nisome. Lakini kumsoma mtu maandishi yake mbele ya macho yake, mstari kwa mstari, nikaona ni kama kumwambia muongo. Nikafunua funua kwa heshima, nikasaini zote nne.

Usisaini siku hiyo hiyo. Nitairudia mpaka unichoke.

Zile kurasa hazikuwa na uongo. Zilisema: anakubali alimshika, anakubali alizungumzia mwili wake, anakubali alitoa zawadi yenye maneno ya mapenzi, aliomba radhi mara nyingi, hakuwatazama wahojaji usoni. Neno la mapenzi mimi sikulitamka, lilikuwa ndani ya swali, nami nikaitikia ndiyo. Habari za baba yangu hazimo. Shangazi hayumo. Hitima haimo. Hawakuuliza, nami sikusema, kwa sababu kujieleza wakati unaomba radhi kwetu ni kama kutoa sadaka ukadai chenji.

Wiki mbili baadaye kilipokuja kikao chenyewe cha nidhamu, nilikuwa nimejipanga. Nikaeleza kanga ni nini, nikaeleza msiba. Mwenyekiti akanisikiliza vizuri tu, kisha akageuza ukurasa wa tatu na kuuliza: mbona kwenye mazungumzo ya kwanza hukusema hata moja kati ya hayo, ukakubali yote? Pale nilipoteza. Maelezo ya kweli yaliyochelewa wiki mbili yalikuwa na sura ya uongo uliotungwa wiki mbili.

Haya, sikiliza vizuri, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Mazungumzo mafupi ya kujua ukweli ni uchunguzi. Yaite uchunguzi kichwani mwako hata wakiyaita chai. Sheria ya mwaka 1999 inakupa haki ya kwenda na mtu kwenye kikao cha nidhamu au cha malalamiko, naye awe mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Kwenye uchunguzi sheria hiyo haikupi haki hiyo. Unaona mtego ulipo? Mahali unapohitaji mtu zaidi ndipo sheria haijakuwekea mtu. Lakini waajiri wengi wanaruhusu ukiomba, na wengine wameandika hivyo kwenye kitabu chao cha kanuni. Omba kwa maandishi kabla ya kwenda. Omba pia wakuandikie mada ni nini. Omba mkalimani kama Kiingereza chako ni kama changu cha wakati ule, kinachotosha kununua mkate lakini hakitoshi kutofautisha kukubali na kuitikia.

Ukiwa ndani, jibu kwa mpangilio huu: nilifanya nini, kwa nini nilifanya, halafu radhi. Radhi iwe ya mwisho na iwe na mipaka: nasikitika kwamba alijisikia vibaya, sitarudia. Usianze nayo. Ukianza na radhi, yote yatakayofuata yatasomwa kama maelezo ya mkosaji. Neno lililo ndani ya swali usiliitikie kama si lako. Sema "hilo neno si langu, mimi nilisema hivi". Na mtazame anayekuuliza. Najua ni kazi. Mimi nimefundishwa kwa bakora kutomkodolea macho mkubwa, lakini kule kuteremsha macho hakuandikwi heshima, kunaandikwa kuficha.

Wakikupa karatasi, sema: nashukuru, nitaisoma nyumbani, niirudishe kesho au kesho kutwa na masahihisho yangu. Hawatakula. Hawatakasirika hata. Nimekuja kugundua kwamba wao wenyewe hawamwamini mtu anayesaini bila kusoma. Usisaini siku hiyo hiyo.

Chama cha wafanyakazi jiunge wiki ya kwanza ya kazi. Usingoje shida, kwa sababu vyama vingi havikubebi kwa jambo lililoanza kabla hujawa mwanachama. Mimi nilikimbilia baada ya barua, nikaambiwa kwa upole mno kwamba nimechelewa. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la viungo, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake safi kuliko cha watoto wetu wa leo. Leicester imejaa wazee wa Kihindi waliotoka Afrika Mashariki, wengi wakiwa waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Yeye ndiye aliyeniambia nipige simu Acas, taasisi ya kule inayoshauri watu kuhusu migogoro ya kazi, ushauri wao haulipiwi, na niandike kudai nakala ya taarifa zote zinazonihusu, ambazo mwajiri kwa kawaida ana mwezi mmoja kuzitoa. Ndani ya nakala hizo nikakuta ujumbe wa yule dada mwenyewe, wa siku nilipofiwa, kwamba zamu zangu amezipanga na asiniulize mtu. Nikakata rufaa ndani ya siku walizonipa, na ujumbe ule nikaubandika mbele kabisa. Onyo la mwisho likashushwa likawa onyo la kwanza, la miezi sita.

Mnaona kwamba napigania onyo kana kwamba ni roho. Kwa mwenye viza ya kudhaminiwa na mwajiri ni karibu na roho. Ukiachishwa kazi, mwajiri ana siku 10 za kazi kutoa taarifa uhamiaji, na kwa kawaida baada ya hapo unapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Siku 60, na kodi ya nyumba, na kule nyumbani wanasubiri mabati.

Msitume wazee

Sasa nije kwa ndugu zangu, na msikasirike.

Nilipompigia mjomba kumweleza, alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Hilo dogo. Tuletee jina la baba yake huyo binti, tutafute mtu wa kwenda kwao." Alikuwa na maana ya kweli. Alishamfikiria mzee mmoja wa Makorora ambaye mwanawe yuko Birmingham. Aende na mtu wa pili, wachukue na kilo mbili za sukari, wakae, waseme kijana wetu kakosa, yaishe. Kwa Tanga hiyo ndiyo njia ya kistaarabu kuliko zote, na migogoro mikubwa kuliko ya kanga imezikwa hivyo.

Kule hiyo ni kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Barua niliyopewa iliniamuru nisiwasiliane na aliyelalamika kwa njia yoyote, wala kwa kupitia mtu. Mgeni mzee wa Kiswahili akigonga mlango wa baba wa yule dada jioni ya Jumapili na sukari mkononi, angefunguliwa na polisi. Na hata mimi mwenyewe, usiku wa kwanza, nilishaandika ujumbe mrefu wa kumwomba radhi. Mungu tu alinizuia, simu ikazima chaji. Usimwandikie. Usimvizie kwenye maegesho umweleze. Usimtumie maua. Usitume wazee. Anayetaka kuombwa radhi kule huandika kwamba anataka, na asipoandika, kumwacha ndiyo radhi.

Na nyinyi shangazi zetu, zawadi zenu ni za moyo na tunazipenda. Lakini kijana anayeanza kazi hahitaji kumpelekea msimamizi wake wa kike kitu cha kuvaa. Kadi ya shukrani inauzwa kila kona, bei ya mkate, na bati la biskuti kwa zamu nzima linakubalika. Ukimpa mmoja, watu huuliza kwa nini mmoja.

Wakati huo huo nimwonye mpwa wangu kwa jambo la umri wake. Barazani tunaambizana kwamba mwanamke wa heshima hukataa kwanza, na mwanamume ni yule asiyechoka. Wale waliooa hivyo wanaisimulia kama shujaa. Kule neno hapana halina tafsiri ya ndani, na kunyamaza pia ni hapana. Ipo sheria ya mwaka 1997 ya kuzuia kubughudhi watu, na mwenendo wa kubughudhi unaweza kuhesabiwa kuanzia mara mbili. Mara mbili! Kwa hesabu za Ngamiani mara mbili hujaanza hata kusalimia. Muulize binti mara moja kama mnaweza kwenda kunywa kahawa. Asipojibu vizuri, mzungumzie hali ya hewa, wanaipenda. Na usiku ukijikuta unatembea nyuma ya mwanamke barabara ni tupu, vuka upande wa pili. Hakuna atakayekushukuru, lakini hatoki mtu moyo ukimdunda kwa sababu yako.

Nimekaa miaka kadhaa na Waingereza, na ninalowalaumu ni moja. Wanasema sori siku nzima. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayesema sori. Anakatiza mbele yako dukani, sori. Kwa hiyo mgeni anadhani hii ni nchi ya kuombana radhi kama kwetu. Sivyo, sori yao ni kama honi ya baiskeli, inakujulisha kwamba mtu anapita. Radhi ya kweli wanaiogopa, ina karatasi nyuma yake. Yule dada naye alitabasamu mara zote tatu. Laiti angeniambia mara ya kwanza, "nisikilize, mkono wangu uachie," ningezama ardhini kwa haya na nisingerudia mpaka kufa. Nilimlaumu sana kwa hilo, kwa muda mrefu. Baadaye dada mwingine wa kazini, Mnaijeria, akaniuliza kama kwetu mwanamke mwenye umri ule angeweza kumwambia hivyo mwanamume mtu mzima bila kuogopa atajibiwaje. Nikanyamaza. Mpaka leo sijamjibu.

Basi. Kuhusu safari ya mpwa wangu, nimemkalisha jana chumbani, bila wazee, nikamwonesha zile kurasa nne zenye saini yangu. Aliuliza swali moja tu: kwa nini saini ya ukurasa wa nne imepinda? Nikamwambia nilikuwa nimeshasimama, namshukuru anayeandika.

Shangazi alikuwa ameshamnunulia doti mbili za kupelekea walimu wake. Nimezikunjua kitandani nikasoma majina yote mawili. Asubuhi hii nimekwenda nazo dukani, barabara ya 8, nikaongeza pesa kidogo, nikabadilisha kwa vitenge. Havina maandishi.